Sotoka na Kuta za Elimu

Mtoto wa Kitanzania akianza shule hukutana kwanza na ratiba iliyobandikwa ukutani. Kengele ikilia Hesabu hufungwa, Jiografia hufunguliwa. Ikilia tena, Jiografia nayo hupisha Sayansi. Nimekuwa mwalimu mkuu wa shule za msingi kwa miaka mingi, kwanza wilaya ya Tarime na baadaye wilaya ya Serengeti, na ratiba za namna hiyo nimezichora mwenyewe kwa rula. Chuo cha ualimu kilinifundisha kuzipanga. Hakikunifundisha masomo yale yalitoka wapi, na nadhani wenzangu wengi walistaafu wakiamini kwamba yalikuwapo tangu kuumbwa kwa dunia.

La hasha. Vyuo vikuu vya kale vya Ulaya, kama kile cha Paris, vilikuwa na vitivo vinne tu: theolojia, sheria, utabibu, na kile cha sanaa ambacho kijana alipitia kwanza, akisoma sarufi, hesabu na elimu ya nyota kwa pamoja. Hali ilibadilika zaidi katika karne ya 19, hasa Ujerumani baada ya Chuo Kikuu cha Berlin kuanzishwa mwaka 1810. Profesa akawa na somo lake, maabara yake, jarida lake na wanafunzi wake waliomrithi. Hata neno la Kiingereza la kumtaja mwanasayansi lilibuniwa miaka ya 1830. Kabla ya hapo hapakuwa na haja ya neno hilo, maana mtu yule yule aliandika juu ya mimea, miamba na Mungu bila kumwomba mtu ruhusa.

Ugawaji huo ulitufikia Afrika Mashariki ukiwa umekwisha kukomaa. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikipokea vijana wa kujifunza useremala, ujenzi na umakanika; mwaka 1949 ikawa chuo chini ya Chuo Kikuu cha London. Dar es Salaam ilianza mwaka 1961 kwa kitivo kimoja, cha sheria, katika jengo la TANU. Mwaka 1963 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na kwa kuwa fedha ni haba, fani za gharama ziligawanywa kama nyama ya sherehe: utabibu Makerere, uhandisi na tiba ya mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kijana wa Tarime aliyetaka kuwa mhandisi alivuka mpaka pale Sirari. Muungano huo ulivunjika mwaka 1970, kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake, nasi tukaanza kujenga vitivo tulivyokuwa tumewaachia majirani. Kilimo na mifugo vilikua Morogoro hadi kikazaliwa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984.

Siulaumu ugawaji huu. Anayetaka kupasua moyo wa mgonjwa asishughulike na mashairi siku hiyo. Lakini nataka msomaji aone jinsi kuta hizo zilivyosimama huku kwetu, kwa kisa cha ugonjwa mmoja.

Sotoka iliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kufika kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Iliua ng'ombe kwa makundi, ikaua nyati na nyumbu, na nyuma yake ikaja njaa. Msafiri Oscar Baumann, aliyepita nchi hii mwaka 1892, aliwaona Wamasai waliobaki mifupa mitupu. Mifugo ilipotoweka vichaka vilisonga mbele, na vichaka vikaleta mbung'o. Wazee wa Ikoma, Nata, Ishenyi na Ngoreme walirithishana habari za miaka ile kama jambo moja: ng'ombe, pori, njaa, na watu kuhama. Hawakuwa na somo la ng'ombe na somo la pori.

Wataalamu walipokuja, kila mmoja alikuja na chumba chake. Malcolm Ruel, mwanaanthropolojia, aliishi na Wakuria katika miaka ya 1950 akichunguza koo na mila zao. Mabwana mifugo wa serikali walishughulika na ng'ombe wa Wakuria hao hao. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na mwishoni mwa muongo ule Bernhard Grzimek na mwanawe Michael wakawa wanahesabu wanyama kwa ndege. Michael alikufa humo ndege ilipoanguka Januari 1959. Kwa hiyo Mkuria alikuwa wa anthropolojia, ng'ombe wake wa idara ya mifugo, na nyumbu aliyekuwa akila majani ya jirani alikuwa wa elimu ya wanyama. Majalada yao yalikaa katika ofisi tatu tofauti.

Nikiwa mtoto mchungaji nilishiriki katika historia hii pasipo kujua. Tuliwapeleka ng'ombe wa baba kwenye chanjo, tukawasukuma katika njia nyembamba ya miti, bwana mifugo akawadunga mmoja mmoja. Chanjo za sotoka zilikuwapo kabla, lakini huko Muguga, Kenya, Walter Plowright alikuwa ametengeneza chanjo bora zaidi kwa kuotesha virusi katika seli za figo za ndama. Lengo lilikuwa kuokoa ng'ombe. Nyumbu hakutajwa.

Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa wakawa kama 260,000. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wapata milioni 1.3. Katika hifadhi kwenyewe, taasisi ya utafiti ilifunguliwa Seronera mwaka 1966, na Anthony Sinclair, aliyekuwa akichunguza nyati, alijiuliza sababu ya ongezeko hilo. Jibu halikuwa katika chumba chake peke yake. Madaktari wa mifugo walikuwa na vipimo vya damu: wanyama waliozaliwa kabla ya mwaka 1963 walikuwa na dalili za kuambukizwa sotoka, waliozaliwa baadaye hawakuwa nazo. Ndama wa nyumbu, ambao zamani walikufa kwa wingi kabla ya kutimiza mwaka, sasa walikua. Na kuna ushahidi mmoja ninaoupenda kuliko wote: punda milia hawakuongezeka. Punda milia hacheui, na sotoka humshika anayecheua.

Ng'ombe wetu walipopona, nyumbu nao walipona, kwa kuwa ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza. Nyumbu walipoongezeka walikula majani, moto wa kiangazi ukapungua, na miche ya miti ikapata kukua. Historia nayo ilikuwa inaamka: mwaka 1977 Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika kitabu kilichoiweka sotoka ya miaka ya 1890 katikati ya historia ya uchumi wetu. Masimulizi ya wazee wa magharibi mwa Serengeti yalisubiri zaidi. Kitabu cha Jan Bender Shetler kilitoka mwaka 2007, wasimulizi wengi wakiwa wamekwisha kuzikwa.

Dunia ilitangaziwa kuisha kwa sotoka mwaka 2011. Plowright alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999, na alistahili. Wafugaji walioswaga ng'ombe wao hadi kwenye sindano hawamo katika orodha yoyote ya waliowarudisha nyumbu, na wajukuu wao huwatazama nyumbu hao wakiwa nje ya mpaka wa hifadhi.

Shuleni nako tumekuwa tukihangaika na kuta hizo hizo. Miaka ya 1990 Historia, Jiografia na Uraia viliunganishwa vikaitwa Maarifa ya Jamii. Baadaye vikatenganishwa, kisha muungano ukarudi. Kila mara vitabu vya zamani vilirundikwa stoo na mwalimu akalaumiwa kwa kutokuwa na vipya.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kufa kwa degedege. Karibu theluthi moja walikufa, wapata 1,000, na uchunguzi ulionyesha ni virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa. Baada ya hapo mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi walianza kuchanjwa. Shuleni kwangu watoto walifika siku ya chanjo na mbwa wao kwenye kamba, wengine wakivuta, wengine wakivutwa. Daktari alitueleza habari za simba na mbwa chini ya mwembe, darasa zima likanyamaza. Kisha msichana wa darasa la sita akanyoosha mkono akauliza maelezo yale ayaandike katika daftari la somo gani.