Nne za Jumapili

Mama alikuwa nesi kwenye zahanati moja kule Kinangop. Kwenye mlango wa friji ya chanjo palibandikwa karatasi yenye visanduku viwili kwa kila siku, asubuhi na jioni, vya kuandika joto. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Alipostaafu nikamwuliza: na Jumapili, nani alikuwa anasoma kipimajoto?

"Hakuna. Jumatatu nilikuwa naandika tu nne. Nne haikuwa na maswali."

Sikumlaumu. Saa ambazo hakuna mtu zimesumbua wengi kabla yake. Mwaka 1780 Mwingereza James Six alibuni kipimajoto kinachoshikilia joto la juu kabisa na la chini kabisa hadi mtu arudi kukisoma. Mwaka 1996 chupa za chanjo ya polio ya matone zikaanza kuwekwa alama inayobadilika rangi zikipata joto. Lakini Kinangop shida ni baridi. Chanjo ya pepopunda ikiganda imeharibika, na alama ile haionyeshi kuganda.

Tena vyote viwili humngoja mtu afike. SMS haingoji. Ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, salamu za Krismasi. Herufi 160 tu, lakini joto ni nambari moja, na hata kabambe inaipokea.

Basi mwaka jana nikaunda changu: kipimajoto kidogo cha waya, bodi ya saketi, modemu yenye laini ya simu, na betri. Nikakijaribu kwenye friji ya Mama. Joto likipita 8 au likishuka chini ya 2, kinatuma SMS.

"Na kisipotuma?" Mama akauliza.

"Basi kila kitu kiko sawa."

"Ama kredo imeisha. Ama betri imekufa. Hiyo si ni nne yangu tu?"

Nikarudi kwenye programu. Sasa kila siku saa kumi na mbili asubuhi kinatuma nambari, kuwe na shida kusiwe. Siku kikinyamaza, tunajua kuna kasoro.

Watoto aliowadunga miaka ile ni watu wazima sasa. Tukikutana nao sokoni wanamsalimia kwa furaha, naye huwashika mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko wanavyotarajia.