Malungu ya Ufipa na siri ya kasi ya mmenyuko

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

KASI ya mmenyuko wa kikemikali hutegemea mambo makuu manne: joto, ukolezi wa dutu zinazomenyuka, ukubwa wa eneo la mguso na kuwapo kwa kichocheo. Wanafunzi hujifunza kanuni hizo maabara. Katika uwanda wa juu wa Ufipa, wahunzi walizitumia kwa vizazi vingi bila kitabu.

Wafipa waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, matanuri ya udongo yenye kimo cha mita tatu hivi. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda, aliyechunguza uhunzi huo wilayani Nkasi katika miaka ya 1990, ni miongoni mwa walioandika habari zake.

Mkaa unapoungua penye oksijeni haba hutoa gesi ya kabonimonoksidi. Gesi hiyo huyanyang'anya mawe oksijeni yake, na chuma hubaki. Jiwe kubwa hushambuliwa nje tu. Likivunjwa vipande vidogo, gesi hupata nyuso nyingi za kugusa na kazi huenda upesi.

Joto nalo huongeza kasi, kwa kuwa chembe hugongana mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi. Malungu hayakuhitaji mivukuto. Hewa moto ilipanda juu kama katika dohani, na hewa mpya ikavutwa kupitia matundu ya chini. Hata hivyo, joto halikufikia nyuzi 1,538 za Selsiasi, ambapo chuma safi huyeyuka. Kilichopatikana ni bonge lenye takataka, lililosafishwa katika tanuri dogo, kintengwe, lililopulizwa kwa mivukuto.

Kanuni hiyo hiyo ipo jikoni leo. Mji wa Sumbawanga uko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu na nyuzi 94 badala ya 100. Kwa hiyo maharage huchelewa kuiva kuliko Dar es Salaam, na mkaa mwingi huteketea. Kuyaloweka usiku kucha, au kufunika chungu kwa mfuniko unaobana mvuke, hupunguza gharama hiyo.

Uyeyushaji ulififia katika karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoenea. Mabaki ya malungu yangalipo, lakini ni ya udongo, na mvua haiyaachi. Kanuni za kemia zitadumu vitabuni. Ushahidi wa mikono iliyozitumia hautadumu usipotunzwa.