Timu Iliyozaliwa Kabla ya Nchi Yake

Vijana wetu wengi wanaijua timu ya taifa ya Algeria kwa vikombe vyake viwili vya Afrika, cha mwaka 1990 na cha 2019. Wachache wanajua kwamba Waalgeria walikuwa na timu yao miaka minne kabla ya nchi kupata uhuru.

Mwaka 1958 Algeria ilikuwa bado chini ya Ufaransa, na vita vya ukombozi vilikuwa vikiendelea tangu Novemba 1954. Wakati huo Waalgeria kadhaa walikuwa wakicheza katika klabu kubwa za Ufaransa na kulipwa vizuri. Rachid Mekhloufi, kijana wa miaka 21, alikuwa ameshakuwa bingwa wa Ufaransa na Saint-Étienne. Mustapha Zitouni wa Monaco alikuwa beki wa timu ya taifa ya Ufaransa. Wote wawili walitarajiwa kwenda Kombe la Dunia nchini Sweden mwezi Juni.

Hawakwenda. Mwezi Aprili, wao na wenzao waliondoka kwa siri mpaka Tunis, wakajiunga na chama cha FLN kilichopigania uhuru. Safari ile haikuwa ya mchezo. Mekhloufi alikuwa katika utumishi wa jeshi la Ufaransa, hivyo kuondoka kwake kulikuwa ni kutoroka jeshi. Baadhi ya wenzao walikamatwa kabla ya kufika.

Kwa nini wafanye hivyo? Mekhloufi alikulia Sétif, mji ambao maandamano ya tarehe 8 Mei 1945 yalifuatiwa na mauaji ya maelfu ya Waalgeria. Alikuwa na miaka minane.

FIFA ilikataa kuitambua timu hiyo na kuwatishia adhabu waliocheza nayo. Hata hivyo ilizunguka Tunisia, Moroko, Iraq, Ulaya ya Mashariki, China na Vietnam, ikipeperusha bendera ya nchi ambayo haikuwamo bado kwenye ramani. Mwaka 1961 iliifunga Yugoslavia 6-1 mjini Belgrade.

Kule Sweden, Ufaransa ilishika nafasi ya tatu bila wao. Heshima hiyo waliikosa, na haikurudi tena. Lakini uhuru ulipatikana Julai 1962, na mbegu yao ikaota. Algeria ilipoifunga Ujerumani Magharibi 2-1 katika Kombe la Dunia la 1982, Mekhloufi alikuwa mmoja wa makocha. Kombe la Afrika la 1990 lilichukuliwa chini ya Abdelhamid Kermali, naye ni mmoja wa wale walioondoka mwaka 1958. Mekhloufi alifariki Novemba 2024.

Wazazi, watoto wakikaa kuangalia mpira, wasimulieni kisa hiki. Kisha waulizeni: wewe ungekuwa na miaka 21, na Kombe la Dunia limebaki miezi miwili, ungeondoka?