Safu ya Lugha: Eklojiti haikuyeyuka

Eklojiti inaitwa "mwamba wa volkano ulioyeyuka upya". Hapana! Kuyeyuka ni kuwa ujiuji. Eklojiti iligeuka ikiwa ngumu vilevile. Ni kweli kwamba mara nyingi asili yake ni basalti au gabro ya sakafu ya bahari, miamba iliyotokana na magma. Lakini sakafu hiyo inapozama chini ya bara, mgandamizo huyavunja madini ya awali na kuunda mapya: ganeti nyekundu na omfasiti ya kijani. Jina la eklojiti alilitoa Mfaransa René Just Haüy mwaka 1822, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uteuzi. Wala tusiichanganye na amfiboliti, ambayo hugeuka kwa mgandamizo mdogo zaidi na madini yake bado yana maji ndani.

Nasi tunayo eklojiti yetu, tena ya heshima. Iko katika kilima cha Yalumba, katika ukanda wa miamba ya Usagara, Tanzania. Umri wake ni miaka bilioni 2 hivi, na kemia yake inafanana na ya basalti ya matuta ya katikati ya bahari. Yaani sakafu ya bahari ilididimia kilomita nyingi, ikarudishwa juu, na leo unaikanyaga bara, mbali kabisa na pwani. Ni miongoni mwa eklojiti kongwe zaidi zinazojulikana duniani.

Basi, mwandishi mwenzangu, andika "mwamba uliogeuka", au "mwamba metamofiki" ukipenda lugha ya darasani. "Ulioyeyuka" waachie lava.