Safu ya Lugha: Habari

Kitabu cha kale cha historia ya Kilwa, kilichoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, kinaitwa Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kilwa. Hiyo “akhbar” ni wingi wa khabar, ndiyo habari yetu. Mwandishi wa kitabu hicho alishika habari moja: watawala wa Kilwa, mmoja baada ya mwingine, tangu wa kwanza. Hata merikebu za Wareno zilipotokea mwaka 1498, anazitazama akiwa upande wa Kilwa. Lakini makala zetu nyingi leo huanza na mkulima wa korosho wa Nachingwea, zikaishia kwenye hotuba ya waziri, na sauti imeshageuka. Ndugu mwandishi, ukianza na mkulima, maliza naye.