Nani Atamlipa Daktari wa Ng'ombe?

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, na juzi alinijia na swali. “Shikamoo, mjomba. Nikisomea udaktari wa mifugo nitapata kazi?” Sikumjibu palepale. Nilimsimulia kwanza habari za babu yake.

Baba yangu alikuwa bwana mifugo wa serikali. Alichanja ng'ombe dhidi ya sotoka, ugonjwa uliofyeka mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji wengi katika njaa. Chanjo yake ilitokana na utafiti wa Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya. Mfugaji hakutoa hata senti; gari, sindano na mshahara vilitoka serikalini. Basi nilikua nikiamini kuwa penye ng'ombe, daktari wake hakosi ugali.

Nikasoma Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984. Nilihitimu katikati ya miaka ya 1990, wakati serikali ikipunguza watumishi. Kwa jirani zetu wa Kenya, ajira ya moja kwa moja kwa madaktari wa mifugo ilikwisha koma tangu 1988. Nilingoja barua ya kupangiwa kituo miezi kumi na minne. Haikuja. Josho la kijijini kwetu lilikauka, kupe wakazidi, ndigana kali ikaua ndama, nami nimekaa nyumbani na shahada yangu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba wingi wa wagonjwa si wingi wa ajira.

Nilifungua duka la dawa za mifugo. Mwenye ng'ombe wawili wa maziwa aliniita na kunilipa, maana maziwa yalimpa fedha kila siku. Mwenye ng'ombe mia wa kienyeji alinunua dawa akaenda kuwachoma mwenyewe. Wazee waliniuliza kwa nini mtoto wa bwana mifugo anawatoza.

Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani. Baba alikuwa amekwisha fariki.

Nikamwambia kijana: “Kasome. Lakini usihesabu ng'ombe tu. Tazama pia nani atakulipa.”

“Na wasioweza kulipa, mjomba?”

Nikamjibu kwamba hao ndio aliowahudumia babu yake, na wakamaliza sotoka pamoja. Akiajiriwa na serikali, aanze na hao.