SINDANO YA BARIDI YABISI NA NGOZI YAKO (Sehemu ya 4): Ilianza na dhahabu

Wiki iliyopita dada mmoja wa hapa Isongole alinionyesha paja hata kabla ya salamu. Ana baridi yabisi, kaanzishiwa sindano ya etanasepti huko Dar es Salaam, anajichoma mwenyewe kila wiki. Alipochoma pamekuwa pekundu, panawasha, na pale pa wiki iliyotangulia napo pameamka tena. Jirani kamwambia hiyo ni sumu, itupe. Itupwe vipi, wakati bila dawa hiyo alikuwa hawezi hata kufunga kifungo cha nguo ya mtoto wake?

Ila hofu ya jirani ina historia yake. Mwaka 1929 daktari Mfaransa, Jacques Forestier, alitoa taarifa ya kutibu baridi yabisi kwa sindano za chumvi za dhahabu. Ndiyo, dhahabu! Alidhani ugonjwa huu una undugu na kifua kikuu, na mwaka 1890 Robert Koch alikuwa ameshaonyesha maabara kwamba dhahabu inazuia vijidudu vya TB. Dhana haikuwa sahihi, lakini viungo vya wagonjwa wengi vilipata nafuu, na jaribio kubwa la Uingereza likaja kuthibitisha mwaka 1960. Shida ilikuwa ngozi: kuwashwa, vipele mwilini, vidonda mdomoni. Ndiyo maana mgonjwa aliulizwa kabla ya kila sindano, "Unawashwa?" Akikubali, sindano inasitishwa.

Etanasepti ni kitu kingine kabisa. Ni protini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na inaingia chini ya ngozi tu. Wekundu pale pale ulipochoma hutokea sana mwezi wa kwanza, hukaa siku 3 hadi 5, halafu kadiri unavyoendelea unapungua. Hata alama ya zamani kuamka inajulikana, hutokea kwa baadhi ya watu.

Sasa fanya hivi. Itoe dawa kwenye friji mapema, ikae kama nusu saa ipoe ubaridi. Usiitie kwenye maji ya moto. Badilisha sehemu kila wiki, paja hili, paja lile, tumbo mbali na kitovu. Usipasugue. Weka kitambaa cha maji baridi. Dawa ya meno na majani, hapana jamani.

Ukiona mabaka mwili mzima, midomo au uso unavimba, au pumzi inabana, kimbia hospitali saa hiyo hiyo. Wekundu unaosambaa, wenye joto, usaha au homa, njoo siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa hii inashusha kinga.

Yule dada nilimchorea duara kwa kalamu kuzunguka wekundu. Siku ya nne pakawa peupe. Juzi kachoma paja la pili.

Sehemu ya 5 ni kwa wanaotumia methotreksati na wanataka kubeba ujauzito. Hiyo msiikose, na kabla hujaisoma usijaribu mimba bila kumwona daktari wako.